Kwa Kabula, Kuhusu Ngoma Yako Iliyopasuka

Kabula mwanangu,

Salamu sikupi, maana uji wa asubuhi tumekunywa pamoja na habari zako zote ninazo. Kesho alfajiri unapanda basi la Mpanda, na kutoka Mpanda treni mpaka Tabora, halafu Mwanza, kwenye nyumba ya makumbusho iliyokuajiri uwaongoze wageni na kuwachezea ngoma zetu za Kisukuma. Mambo ya blanketi, vitenge na namba za simu za shangazi zako mama yako ameshakueleza mara tatu, mimi sirudii. Nina jambo langu moja tu, na nimelikwepa wiki nzima kama ng'ombe asiyetaka josho.

Nakuonea wivu. Nimeandika, na sifuti.

Baba yangu alitoka Usukuma na ng'ombe wake, akaja kujenga zizi huku Mpimbwe kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa akitusimulia majabali yaliyosimama katikati ya ziwa, na viwanja vya ngoma vilivyojaa watu mpaka vumbi linaficha jua. Nimezeeka sijayaona. Maisha yangu yote nimeimba nyimbo za nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, na wewe uliyeanza kuimba juzi juzi tu unakwenda huko kulipwa mshahara uzieleze kwa watu. Ulipotuletea habari hiyo nilisema "Mungu mkubwa," nikatoka nje kama mtu anayekwenda kuangalia ndama. Hakukuwa na ndama. Nilikwenda kusimama peke yangu nyuma ya zizi, kwa sababu uso wangu ulikuwa haukubali kucheka.

Unajua jinsi tunavyoishi hapa. Magari ya wageni yanatupita na vumbi lake kwenda mbugani Katavi kutazama viboko wakigombania tope. Wengine wanapelekwa kuona mkwaju wa mzimu Katabi, na wachache wanasimama hapa Majimoto kuchungulia maji yetu yanayochemka. Hajatokea hata mmoja aliyeshuka kwenye gari akauliza manju wa hapa ni nani, anaimba nini. Nimewahi kumwonea wivu kiboko, mwanangu. Cheka, lakini ni kweli.

Ndiyo maana yule dada wa makumbusho alipokuja na afisa utamaduni, mimi nilijiandaa kuliko mtu yeyote katika nyumba hii. Ngoma yangu kubwa niliipaka samli usiku wa jana yake, nikaiweka sebuleni penye mwanga. Akaigonga kwa kidole, akasema, "Nzuri sana, mzee," kwa sauti ya mtu anayesifu chai isiyo na sukari. Halafu akainua macho, akaiona ngoma yako imening'inia stoo juu ya magunia ya mpunga, ngozi imechanika kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Na ile?"

"Ile imekufa, mama," nilimwambia. "Tunasubiri kuitoa ngozi."

"Hiyo hiyo ndiyo ninayoitaka. Ile ina historia."

Wewe ulifurahi ukapiga makofi. Mimi nilijikaza kisabuni, nikakisogeza kigoda nikamteremshia kwa mikono yangu. Ngoma nzima, iliyopakwa samli, imeachwa, na iliyochanika inapelekwa Mwanza. Akatoa fomu, akasema kila kifaa kinachoingia makumbusho lazima kiwe na maelezo yake: kimetengenezwa na nani, kwa mti gani, kimetumika wapi, na kama kimeharibika, kiliharibika vipi. Ukanisukumia fomu ile ukasema, "Baba, jaza wewe, wewe ndiye uliyeitengeneza."

Sehemu za mwanzo hazikunisumbua. Mti ni mninga. Ngozi ni ya yule ndama wetu mwekundu aliyevunjika mguu. Kwenye ile sehemu ya mwisho niliandika kwa penseli: Ngozi ilipasuka kwa ukavu wa kiangazi. Maneno hayo yamekaa hapo siku tisa, na kila ninapoyaangalia yananitazama.

Nikuanzie mbali kidogo. Miaka minne uliyocheza kwenye kundi langu nilikuweka mstari wa nyuma. Nilisema sauti yako bado haijakomaa. Ilikuwa imekomaa, na hiyo ndiyo sababu nilikuweka nyuma. Ulikuwa ukiitikia tu kiitikio, na watu wanageuza shingo kutafuta nani ameitikia. Mimi niko mbele na filimbi yangu na manyoya kichwani, natoka jasho, wao wanatafuta aliye nyuma yangu. Baba mwingine angefurahi. Mimi nilizidi kupuliza filimbi yangu.

Halafu manju wa Wagalu akaugua miguu, na wazee wao wakaja kukuomba wewe. Sisi Wasukuma mwanadamu huzaliwa na upande wake wa ngoma, ama Mgika ama Mgalu, na mtoto hufuata wa baba. Mimi ni Mgika na baba yangu alikuwa Mgika. Ningeweza kukataa na hakuna mtu angenilaumu. Uliniuliza mbele yao, umepiga magoti, "Baba, unaniruhusu?" Nikasema, "Nenda, mama. Ngoma ni ngoma." Wakanisifu kwamba nina moyo mpana, na mimi nikavikwa kilemba hicho cha ukoka nikakipenda. Nikakutengenezea na ngoma juu yake, ili wazidi kunisifu. Kumbe moyoni nilikuwa nasema, aende akashindwe huko, arudi mstari wa nyuma.

Hukushindwa.

Sasa siku yenyewe. Ulikuwa msimu baada ya kuvuna mpunga, uwanja wa mnada, miaka miwili iliyopita. Ngoma zetu hazina jaji, hilo utawaeleza wageni wako vizuri kuliko mimi. Makundi mawili yanapiga wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, watazamaji wanakimbia huku na huku, na jua likizama upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Hakuna wa kumlalamikia. Unawaona watu kwa macho yako wanakupa mgongo.

Kabla ya kuanza, kila upande unapasha ngoma zake moto ili ngozi ikaze, na mtu wa upande wa pili haruhusiwi kusogea. Moto wenu ulikuwa nyuma ya boma la mnada na mlinzi alikuwa Shija, mpigaji wako. Unajua na mimi ninajua kwamba Shija alikuwa ameshamtuma mjomba wake kwangu kuulizia habari zako. Nilikuwa bado sijajibu. Tangu siku hiyo kijana wa watu alikuwa hawezi kunitazama usoni. Nikipita anainamisha kichwa na kutoka njiani, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwe wake.

Nilikwenda kwenye moto ule. Sikwenda nimepanga, au labda nilipanga na sikujiambia. Nilimwambia, "Shija, Kabula anakuita kule."

Aliitazama ngoma. Akatazama miguu yangu. Mtu mwingine yeyote wa upande wangu angefukuzwa kwa fimbo, lakini mkwe humfukuzi. Akasema, "Sawa, baba," akaenda.

Niliisukuma ngoma yako kwa fimbo yangu ya ng'ombe mpaka kwenye makaa. Nikasimama pale muda wa kuimba ubeti mmoja. Ngozi ikaanza kutoa harufu, nikairudisha nyuma kidogo ionekane haijaguswa. Aliporudi alisema, "Hajaniita, baba." Nikamjibu, "Basi atakuwa amemwita mwingine," nikaondoka zangu nikirekebisha manyoya kichwani. Ndama yule nilimchinja mwenyewe, ngozi ile niliikwangua mwenyewe siku tatu, na mti ule niliuchonga mpaka mkono ukatoka malengelenge. Nikaiharibu kazi yangu mwenyewe kwa ubeti mmoja.

Tulipoanza, mambo yalikwenda kama nilivyoogopa. Wimbo wa kwanza watu waligawanyika. Wimbo wa pili wakaanza kuhama, kwanza vijana wa pikipiki, halafu akina mama. Nilibaki na watu wasiozidi ishirini, na nusu yao ni shemeji zangu walioona aibu kuondoka. Wimbo wa tatu ndipo niliposikia mlio ule. Hata kutoka kule nilipokuwa niliusikia. Ngoma yako ikanyamaza, uwanja ukayumba, na watu wakarudi kwangu wakikimbia.

Nilishinda, Kabula. Walinibeba juu. Na kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu ni hiki: ninyi hamkuacha. Ulianza kupiga makofi, wenzako wakapiga makofi, ukaendelea kuimba bila ngoma, na wako watu waliokuwa wanakuja kwangu wakasimama katikati, wakageuka, wakarudi kwako. Wachache. Mimi nimezungukwa na umati, niko juu ya mabega ya watu, na macho yangu hayaoni chochote isipokuwa wale wachache. Hata siku niliyokuibia ushindi niliwaonea wivu waliobaki nawe, na wewe nikakuonea wivu kwa ajili yao.

Mama yako alinipa mkono. "Hongera, baba Kabula," akasema, na hapo hapo akaenda kwako. Sijui kama anajua. Sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Jioni ile ulimsimamisha Shija mbele ya kundi zima. Nilikuwa karibu, nasikia kila kitu.

"Nani ameiacha motoni?"

"Mimi."

"Ulikuwa wapi? Si nilikuambia usibanduke?"

Alikuwa ananiona. Nilikuwa nimesimama nyuma yako hatua kumi, filimbi bado iko shingoni, na yeye akainamisha kichwa.

"Nyie mmeona? Huyu alilala," uliwaambia wenzako. Halafu ukamwambia, "Usinikaribie tena. Na wazee wako wasije kwetu."

Neno moja lilitosha. Ningelisema tu: ni mimi. Nikasema moyoni nitalisema kesho. Kesho yake nikasema wiki ijayo, na kabla wiki haijaisha Shija alikuwa ameshahama Majimoto. Kisha wewe ukatunga ule wimbo wa mlinzi aliyelala, na hapo nikawa nimefungwa kabisa. Wimbo ule ni mzuri kuliko wote niliowahi kutunga mimi, nakiri. Ukavuma mpaka Mpanda, watu wakaurekodi kwenye simu, watoto wakawa wanatania nao shuleni. Ndio uliomfanya yule dada wa makumbusho akutafute. Nilikuwa nikiusikia na roho inaniuma mara mbili: kwamba ni wa uongo na uongo ni wangu, na kwamba si mimi niliyeutunga.

Kwa hiyo unaliona jambo lenyewe. Nikinyamaza leo, utauimba wimbo huo Mwanza mbele ya wageni kila wiki, na ngoma iliyochanika pembeni yako kama ushahidi, na Shija atakuwa mlinzi aliyelala mpaka sote tutakapokufa. Mwongo atakuwa wewe bila kujua. Hilo ndilo lililonishinda. Mengine yote nilikuwa nimeshayazoea.

Alhamisi iliyopita niliwaambia nakwenda Mpanda kutafuta dawa ya ng'ombe. Nilikwenda kumtafuta Shija. Anafanya kazi kwenye karakana ya samani karibu na stesheni. Nilimkuta anapiga randa ubao wa kitanda, na fundi mwenzake kando anapiga mluzi. Mluzi wenyewe ni wimbo wako. Yule mwenzake hana habari kwamba mlinzi ndiye huyu, na Shija alikuwa anasukuma randa yake tu kama hausikii.

Aliponiona aliweka randa chini, akainamisha kichwa. Mpaka leo. Nikamwambia, "Shija, ile ngoma niliichoma mimi."

"Najua, baba. Nilijua siku ile ile. Makaa yalikuwa yamekanyagwa, na alama ya fimbo yako ilikuwepo pale."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningekutaja wewe mbele za watu, halafu ningekuja vipi kwenu kuoa?"

"Sasa hukusema, na hukuoa."

"Ndiyo, baba."

Nilimwomba radhi. Nilijaribu kupiga magoti, akanishika mkono akanizuia, akasema vumbi la mbao litanichafua. Akaniuliza swali moja tu, kama wewe unajua. Nikasema bado. "Basi mwambie yeye," akasema. "Mimi nilishajua, huna haja ya kuniambia." Nikamweleza kwamba unasafiri, na siku ya treni nikamtajia. Hakusema atakuja stesheni wala hatakuja. Alisema treni anaisikia kila safari akiwa pale pale kazini, akachukua randa yake akaendelea. Sikuambii umpende wala umrudie. Miaka miwili ni mingi, na huenda ana mtu wake, sikumuuliza. Nakuambia tu alipo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuficha ukweli.

Na nikuambie na hili, upate kunijua vizuri. Nilipotoka pale karakana nilimwonea wivu hata yeye. Kijana yule amebeba jina baya miaka miwili kwa ajili ya heshima, na mimi nimebebwa mabegani kwa ajili ya wizi. Nikasema, huyu atakuwa mtu mkubwa kuliko mimi. Unaona? Hata toba yangu ina wivu ndani yake.

Leo mchana nimefuta penseli. Nimeandika kwa wino: Ngoma hii ilisogezwa kwenye makaa makusudi na mtu aliyeitengeneza, baba wa mwenye ngoma, kwa sababu ya wivu. Mlinzi wake, Shija, hakulala. Nikaweka jina langu na sahihi. Na usinione malaika, maana nilipomaliza kusaini nilifurahi kidogo kwamba jina langu litafika Mwanza, hata kama ni kwa aibu. Wageni watainama kulisoma. Ndivyo nilivyo.

Sina ushauri mwingi wa kukupa, mtu aliyefanya haya atashauri nini. Ila damu yangu unayo. Huko utakutana na mtu anayeimba kuliko wewe. Atakuwepo, nyumba kubwa kama hiyo haikosi. Siku utakayosikia watu wanamshangilia na mikono yako haitaki kupiga makofi, utakuwa umenipata mimi ndani yako. Wivu wangu haukuanza kwa kukuchukia. Ulianza kwa kutamani nami niambiwe hongera, basi. Ningekuambia mapema, hata kwa utani, "Kabula, unanimaliza," ungecheka, ungenishika mkono ukanivuta tuimbe wote, nakujua. Nilinyamaza, na wivu ukakua. Wewe mwambie mtu huyo siku ya kwanza. Mwambie kwa mdomo wako, kabla mikono haijatafuta kazi ya kufanya.

Wimbo ni wako na sikuamulii. Unaweza kuufuta, unaweza kuugeuza maneno, unaweza kuniweka mimi ndani. Ukiniweka nitaumia, lakini nitakuwa nimestahili, na najua utautunga vizuri.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa Tabora, mbali, usiweze kuniuliza kitu. Nimeona huo ni mchezo ule ule wa kusukuma kwa fimbo halafu kuondoka. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo hii jua likiwa bado lipo, na nitasimama mbele yako mpaka uimalize. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka kesho usindikizwe na mama yako peke yake, nitabaki, sitauliza kwa nini.

Lango limelia, umerudi kutoka kuwaaga bibi zako. Nakusikia unamuuliza mama yako, "Baba yuko wapi?"

Nakuja, mwanangu.

Baba yako,
Ngasa